Soli Haioti Tena

Mke wangu analipwa kutazama video za watoto. Nikisema hivyo mbele ya wateja wanacheka, wanadhani natania, na mimi huwaacha wadhani, maana nikianza kueleza kazi yake nitashinda na kiatu cha mtu mkononi na sindano haijaingia. Lakini ndiyo kazi yake. Alifundisha sayansi shule ya msingi mpaka akastaafu. Mtaa mzima unamwita Mwalimu, hata mimi namwita Mwalimu. Alipostaafu alikaa nyumbani kidogo tu, akapanga upya vyombo vyote vya jikoni mpaka nikawa sipati kijiko cha chai, ndipo maktaba ya watoto iliyo karibu na soko ikamwita. Walikuwa wamenunua tableti, wakataka mtu wa kuwachagulia video za sayansi za kuweka humo. Mkuu wa maktaba alimwambia kwamba mtandaoni kuna mchele na kuna chuya, na mtoto hutafuna vyote.

Mimi ni fundi viatu. Kazi yangu naifanyia chumba cha mbele cha nyumba yetu, mlango unatazama barabara, na kati yangu na jikoni kuna pazia tu. Kwa hiyo kazi ya Mwalimu nimeiona kwa macho, na mara nyingi nimeinusa.

Ana taratibu zake. Kwanza anatazama video sauti ikiwa imezimwa. Nilimuuliza kwa nini anajinyima raha, akanijibu kwamba mtoto haigi mdomo, anaiga mikono. Mtu wa kwenye video aseme weee, msijaribu nyumbani, msijaribu nyumbani, lakini kama mikono yake inawasha kiberiti huku uso unacheka, mtoto ameshaondoka na kiberiti. Baada ya hapo anairudia macho amefumba, anasikiliza maneno peke yake, kwa sababu anasema picha nzuri hufunika uongo mwingi. Kisha jaribio lolote lililoonyeshwa analifanya mwenyewe jikoni, kwa vitu ambavyo mtoto anaweza kuvichukua bila kuomba. Siki ya nyumba hii inaishia huko. Siku moja volkano yake ya siki na magadi ilifurika, ikateleza chini ya pazia, ikanifikia penye viatu vya bwana harusi ambavyo nilikuwa nimetoka kuving'arisha. Nikavinyanyua juu, vinadondoka siki. Mwalimu akapitisha kichwa penye pazia, akasema, "Hii imefaulu. Haichomi, na inafutika kwa kitambaa."

"Basi leta hicho kitambaa," nikamwambia.

Na mwisho kabisa kuna mimi. Ananiita, ananikalisha, ananionyesha video mara moja, kisha ananiacha nirudi kwenye viatu vyangu. Jioni ananiuliza nimekumbuka nini. Nikikumbuka mzaha tu na lile jambo lenyewe limenipita, video imeanguka. Nimeangusha video nyingi kwa njia hiyo, na kama watengenezaji wake wangejua kwamba aliyewanyima nafasi ni fundi viatu mwenye usingizi, wangenitafuta.

Mjukuu wetu anaishi nasi wakati wa shule, maana mama yake, binti yetu, ni muuguzi mji mwingine na zamu zake hazieleweki. Ana miaka saba. Mimi namwita Mke Mdogo, bibi yake anamwita mke mwenzangu, na mwenyewe utani huo anaujua vizuri mno. Akitaka kitu kwangu hukaa mlangoni, mikono kiunoni, ananiuliza ni mume gani huyu asiyejua kutunza mke.

Huyo mtoto hakujua kutembea. Alijua kukimbia na alijua kulala, katikati hapakuwa na kitu. Mnyororo wa baiskeli ukilia nje yuko mlangoni, ukimtuma chumvi amesharudi kabla hujamwambia ni ya kiasi gani. Viatu vyake vya shule nilivibadilisha soli mpaka nikachoka. Kila akinipa kiatu chenye tundu nilimgombeza kwa maneno yaleyale, nayajua kama dua. "Mke Mdogo, nguo ikichanika inashonwa, nywele zikikatwa zinaota. Soli haioti tena. Vitumie vizuri." Naye aliitikia, "Ndiyo, Babu," huku mguu mmoja umeshavuka kizingiti.

Sasa, ikaja video ya mioyo.

Ilitengenezwa na kijana mmoja mchangamfu, mwenye sauti ya kupendeza, na michoro yake ilikuwa safi. Alionyesha moyo wa panya unavyokwenda mbio, na moyo wa tembo unavyojivuta. Akaeleza kwamba panya anaishi muda mfupi na tembo anaishi miaka mingi, lakini ukihesabu mapigo ya moyo wa kila mmoja tangu azaliwe hadi afe, hesabu zao zinakaribiana. Mwishoni akaweka mkono kifuani, akatabasamu, akasema, "Na wewe una mapigo yako. Yatumie vizuri."

Mwalimu aliipitisha kwa furaha. Sauti ikiwa imezimwa, hakuna moto, hakuna kisu, hakuna mtoto anayepanda juu ya kiti. Macho yakiwa yamefumba, hakuna uongo. Aliihakiki kwenye vitabu vyake viwili. Jikoni hapakuwa na la kujaribu, siki ikasalimika. Na mimi jioni ile nilimweleza panya na tembo bila kukosea, mpaka akanipigia makofi. Ikawekwa kwenye tableti zote, na watoto wakaipenda kuliko nyingine. Mke Mdogo aliitazama maktabani na akaja kunisimulia, akaitazama tena.

Mimi nasoma soli. Si majigambo, mtu yeyote aliyekaa na viatu miaka yote hii angezisoma. Soli iliyolika nje ni ya mtu anayetembea kwa kujivuna, iliyolika mbele ni ya mtu wa ngazi nyingi, na mlevi simtaji. Kwa hiyo ni mimi niliyepaswa kuliona jambo hili mapema, na kweli niliona, ila nililisoma kichwa chini miguu juu. Niliona viatu vya Mke Mdogo vinakaa, muhula unakwenda na soli bado nene, alama za kiwandani zinaonekana. Nikasema moyoni, mtoto amekua, ametulia, maneno yangu yameingia. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

Kulikuwa na jambo jingine. Mimi nina presha, na daktari aliniambia kila jioni nitembee mpaka ule mteremko wa daraja na kurudi. Mke Mdogo akaanza kunizuia. Nikivaa viatu anakuja ananishika mkono. "Babu, kaa. Umechoka." Ananivutia kigoda, ananiletea maji, anakaa pembeni yangu kimya. Nani atakataa kupendwa hivyo? Na niseme ukweli, ule mteremko siupendi, kwa sababu wakati wa kurudi unakuwa mlima. Basi nikakaa.

Siku moja wakati wa chakula cha mchana, mtoto akiwa bado shuleni, nikamtania Mwalimu. "Mke mwenzako ananikosesha riziki. Viatu vyake haviishi siku hizi."

Mwalimu akaweka kijiko chini. "Haviishi kivipi?"

Nikamletea jozi ya pili iliyokuwa chini ya kitanda cha mtoto. Akaigeuza, akapitisha kidole kwenye zile alama za kiwandani. Akaniambia kwamba mwalimu wa darasa alikuwa amemuuliza kama mtoto anaumwa, maana wakati wa mapumziko anakaa ukutani na kutazama wenzake wakiruka kamba. Mke wangu alidhani mtoto amegombana nao. Tukatazamana, na chakula hakikuendelea.

Mtoto aliporudi kutoka shuleni, bibi yake alimketisha kwenye kigoda changu cha wateja, akampa ndizi, akamwacha amalize. Kisha akamuuliza, kwa upole, "Mke mwenzangu, mbona siku hizi hukimbii?"

Mtoto akanitazama mimi kwanza. "Natunza."

"Unatunza nini?"

"Mapigo." Akaweka kiganja kifuani kama yule kijana wa video. "Ukikimbia yanakwenda mengi. Yakiisha yameisha. Moyo hauoti tena."

Mwalimu aligeuza kichwa polepole akanitazama, na mimi nilikuwa na kiatu mkononi kama mwizi aliyekutwa na mzigo.

"Nani kakwambia hauoti tena?" akauliza.

"Babu alisema soli haioti tena, tuvitumie vizuri. Na yule kaka naye alisema tuyatumie vizuri." Alituona tulivyonyamaza, akadhani hatujaelewa, akaendelea kutufundisha. "Babu moyo wake unakwenda mbio hata akikaa. Nilisikiliza alipolala. Ndiyo maana simwachi aende darajani."

Niliumia, sitaficha. Nilikuwa nadhani napendwa kwa maji na kigoda, kumbe mtoto wa miaka saba alikuwa ananilinda nisife, na kazi hiyo alikuwa anaifanya peke yake, bila kumwambia mtu, akiwa anawatazama wenzake wakiruka kamba. Maneno yangu na maneno ya yule kijana yalikuwa yamekaa ndani ya kichwa kimoja kidogo yakashonana, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwepo wakati yanashonana.

Mtoto alipokwenda kuoga, nikamwambia Mwalimu, "Mwambie mtoto kwamba yule kijana kadanganya, tumalize."

"Hajadanganya. Nikisema hivyo leo, kesho hataamini video yoyote, na keshokutwa hataniamini mimi."

"Basi ni kweli? Tumepewa mapigo ya kuhesabu?"

"Ni kadirio la aina za wanyama, ukichukua panya wote na tembo wote. Si akiba ya mtu mmoja iliyowekwa kwenye kopo." Akakaa kitako, amechoka. "Nimeitazama kwa njia zangu zote, hakuna moto, hakuna kisu. Na imemkalisha mtoto wangu ukutani."

Mwalimu amekuwa mtu wa kujua la kufanya tangu nimwoe, na kumwona hajui kulinitisha kuliko presha.

Lakini hana dogo, kesho yake alikuwa na jaribio. Kuna muuza maji anayepita kwetu na mkokoteni, jitu la mapafu, anasukuma madumu kutwa nzima na bado ana pumzi ya kuimba. Mwalimu akamwomba apumzike kibarazani, akamnywesha chai, kisha akamwita mjukuu aweke vidole kwenye kifundo cha mkono wa yule mgeni. "Hesabu," akamwambia, huku anatazama saa ya ukutani. Kisha akamhesabisha mtoto mapigo ya mkono wake yeye mtoto. Ya muuza maji yalikuwa machache kwa mbali. "Umeona? Huyu anakimbia na mkokoteni kila siku, na akikaa moyo wake unapiga taratibu. Moyo unaofanya kazi unapata nguvu."

Mtoto alifikiri sana. Nikaona uso unaanza kufunguka, na Mwalimu akanikonyeza. Halafu Mke Mdogo akaja kwangu, akanishika mkono, akahesabu. Alipomaliza hakusema namba. Uso wake ukafunga tena.

"Ya Babu ndiyo mengi kuliko ya wote," akasema, akaingia ndani.

Jaribio lilikuwa sahihi, na lilikuwa limeharibu. Muuza maji akaaga kwa sauti ya chini, akijilaumu kwa kosa asilolijua. Mwalimu alibaki amesimama kibarazani na kikombe kitupu.

Nikamfuata mtoto. Mimi si mtu wa sayansi, lakini viatu navijua, na jambo hili nusu yake lilikuwa la viatu. Nilimkuta ameketi kitandani. Nikakaa chini, nikavua kiatu na soksi, nikampelekea mguu karibu na uso. Akaziba pua.

"Usizibe pua, mume ni mume tu. Shika huo wayo."

Akaugusa kwa kidole kimoja.

"Ukoje?"

"Mgumu."

"Nilipokuwa kama wewe nilitembea pekupeku. Sasa niambie, soli ikitembea inakuwaje?"

"Inakuwa nyembamba."

"Na wayo umetembea miaka yote hiyo. Umekuwa mwembamba?"

Akatikisa kichwa. Nikampa na kidole gumba, hiki kinachosukuma sindano. Kimeota sugu nene, ukigonga kinalia kama mbao. Nikamwambia akibonyeze, akabonyeza kwa kucha, akanitazama aone kama naumia, siumii.

"Ningekitunza kidole hiki, nikakifunga kitambaa, kingekuwa laini mpaka leo na nisingeweza kushona kiatu kimoja. Mimi niliposema haioti tena, nilisema soli. Soli ni ngozi ya mnyama aliyekwisha kufa, Mke Mdogo. Haina mtu ndani. Moyo hauko upande wa soli. Uko upande wa wayo."

Pazia la mlango lilitikisika kidogo, nikajua Mwalimu yupo nyuma yake, anasikiliza macho amefumba.

Mtoto alikaa na kidole changu mkononi. Kisha akaniuliza lile swali ambalo nadhani ndilo lililokuwa limemkalisha ukutani siku zote zile. "Babu, yako yamebaki mangapi?"

Ningeweza kumwambia yamebaki mengi sana. Jibu hilo lilinijia mdomoni. Lakini mtoto aliyehesabu mapigo ya mtu aliyelala humdanganyi.

"Sijui."

"Bibi anajua?"

"Hajui. Hata daktari hajui."

"Na yule kaka wa video?"

"Hajui yangu wala yake mwenyewe."

Akafikiri. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayenilalamikia, "Sasa utayatunzaje wakati hujui yako mangapi?"

"Ndiyo maana daktari hakuniambia niyatunze. Aliniambia nitembee."

Tulikwenda darajani jioni ileile, sisi wawili. Alinishika kifundo cha mkono njia nzima, vidole penye mapigo. Kuteremka kulikuwa rahisi. Kurudi, kwenye ule mlima, nilianza kuhema, na nikaona anahema pamoja nami kwa woga. Nikasimama. Nikamwambia asubiri, asiuachie mkono, ahesabu tu. Tukasimama pale kando ya barabara, watu wanatupita, moyo unakwenda mbio, kisha unapunguza, kisha ukatulia. Aliusikia wote kwa vidole vyake, kupanda kwake na kushuka kwake. Tulipofika nyumbani alikuwa bado hajakimbia hata hatua moja, na mimi nilikuwa nimekata tamaa kidogo.

Mwalimu alikwenda kwa mkuu wa maktaba kuomba video ile iondolewe kwenye tableti za wadogo, ibaki ya wakubwa. Mkuu akashangaa, maana haina kosa na ndiyo inayotazamwa kuliko zote. Mwalimu akamweleza habari yote, mpaka ya soli, hakujificha. Akamwambia, "Nilipima video. Sikupima kwamba mtoto anafika kwenye video akiwa na maneno ya kwao kichwani." Wakakubaliana kwamba wadogo wataitazama pamoja naye tu, wamekaa mkekani, na kabla ya kuizima kila mmoja atasema anakwenda nyumbani kufanya nini. Siku hizi hilo ndilo swali lake kwa kila video, hata za maua. Ananiuliza na mimi. Hataki tena nimwambie nimekumbuka nini, anataka kujua nitafanya nini. Nikimjibu nitalala, anasema video imefaulu.

Darajani tuliendelea kwenda. Mkono ulishikwa kwa siku kadhaa, kisha ukashikwa tukipanda tu, kisha siku moja mbwa wa mtu alipita na mpira mdomoni na ule mkono wangu ukabaki unaning'inia peke yake. Sikusema neno, nikihofia kumkumbusha.

Juzi nilikuwa nashona mkoba wa mteja. Mke Mdogo akaja akasimama mbele yangu, amejikunja, mikono nyuma, macho chini. Akatoa kiatu cha kulia, akakiweka juu ya meza. Nikakigeuza. Zile alama za kiwandani hazikuwepo, na katikati ya soli kulikuwa na tundu ambalo kidole changu cha sugu kilipita mpaka upande wa pili.

Alikuwa anasubiri maneno yake, yale anayoyajua. Mteja naye alikuwa anatazama. Nikakishika kile kiatu kwa muda, nikakifuta vumbi ambalo halikuhitaji kufutwa.

"Lete na kingine," nikamwambia.